Kupe hawaishi kwenye ng'ombe: kagua malisho na uogeshaji kabla ya kubadilisha dawa

Malalamiko ni yaleyale kila msimu. "Nimeogesha Jumatatu, Alhamisi wamerudi." "Dawa za siku hizi ni maji matupu." "Mwaka jana hatukuwa na kupe, hawa wametoka wapi?" Mfugaji akishafika hapo, safari inayofuata ni ya duka la dawa za mifugo kubadilisha chupa, na mara nyingi anabadilisha kitu ambacho hakikuwa na tatizo.

Ukijua kupe anavyoishi utaelewa kwa nini. Kupe wa kahawia wa masikioni, anayeeneza ndigana kali (ugonjwa wa vimelea unaoua ng'ombe), hupanda mnyama mara tatu tu maishani: akiwa lava mwenye miguu sita, akiwa nimfu, yaani hatua ya kati, na akiwa kupe mzima. Kila mara hunyonya kwa siku chache, jike mzima kama wiki moja, kisha hudondoka. Muda mwingine wote yuko chini, kwenye nyasi, majani makavu na nyufa za udongo. Kupe mzima mwenye njaa anaweza kusubiri huko zaidi ya mwaka. Unaowaona kwenye ng'ombe ni sehemu ndogo ya kupe ulio nao, na watakaopanda kesho wanategemea mvua, unyevu, kivuli, joto na urefu wa nyasi. Dawa inahusika na wale waliokwisha kupanda.

Kwa hiyo kabla ya kusoma dalili yoyote hapa chini, fanya vipimo viwili visivyo na gharama.

Cha kwanza, siku mbili baada ya kuogesha, kamata ng'ombe kadhaa na uangalie ndani ya masikio, chini ya mkia na kwenye kinena. Kupe bapa wanaotembea wamepanda jana au leo, wametoka malishoni. Kupe waliovimba damu na bado wako hai walikuwepo siku ya kuogesha na dawa haikuwaua. Angalizo: kupe aliyekufa anaweza kubaki amening'inia. Mng'oe kwa kibano, mweke kwenye karatasi, mpulizie pumzi ya mdomo. Aliye hai atachezesha miguu.

Cha pili, chukua kitambaa cheupe cha flana au kipande cha shuka la pamba, upana kama mita moja, ukiburute polepole juu ya nyasi asubuhi umande ukishakauka lakini jua halijawa kali. Kila baada ya hatua kumi geuza na uangalie upande wa chini. Lava ni wadogo mno, usitegemee macho ya haraka haraka. Kipimo hiki hakiwanasi kupe wakubwa wenye madoa ya rangi mgongoni. Hao hujificha ardhini na humkimbilia mnyama wanapohisi pumzi yake.

Dalili: kupe wanarudi siku tatu au nne baada ya kuogesha

Sababu inayoongoza ni malisho yaliyojaa. Kupe hanywi maji dimbwini. Huvuta unyevu kutoka hewani, na hufanikiwa pale tu hewa ya karibu na udongo inapokuwa na unyevu mwingi. Hupanda kwenye ncha ya jani, hunyoosha miguu ya mbele na kusubiri. Akikauka hushuka kwenye majani yaliyooza kujirudishia maji, kisha hupanda tena. Nyasi zikiwa ndefu na ardhi ikiwa na unyevu, anaweza kusubiri juu saa nyingi zaidi, na anashuka kwa muda mfupi. Ndiyo maana ng'ombe walewale, kwa dawa ileile, wanabeba kupe wachache Februari yenye ukame na kufurika Aprili.

Kitambaa chako kikijaa kupe na wale wa kwenye ng'ombe wakiwa bapa, dawa yako inafanya kazi. Kinachotakiwa ni kupunguza kukutana: wapeleke ng'ombe kwenye maeneo ya wazi yenye nyasi fupi wakati wa wimbi kubwa, na mabonde yenye majani marefu uyaache yakauke kidogo. Kwenye maeneo ya ndigana kali ogesha kila wiki. Wanaoogesha kila baada ya wiki mbili wanaacha mwanya, kwa kuwa dawa nyingi za kunyunyizia hudumu mwilini siku chache tu, na jike anapata nafasi ya kupanda, kushiba na kudondoka bila kukutana nayo. Huyo mmoja anataga mayai kwa maelfu.

Sababu ya pili ni kuogesha mgongo badala ya ng'ombe. Hili naliona mno kwa wanaotumia bomba la mgongoni: anazunguka mnyama mara mbili, mgongo umelowa, mbavu zimelowa, amemaliza. Kupe wa masikioni yuko ndani ya sikio. Wale wenye madoa wako kwenye kiwele, kinena na korodani. Wenye miguu yenye mistari hupenda chini ya mkia. Kupe wa bluu wametapakaa tumboni, kwenye kidari na shingoni. Nyunyiza kinyume na laza la manyoya, kwa wingi mpaka dawa ichuruzike tumboni, na masikio yafanyie kazi kwa mkono uliovaa glavu. Ng'ombe mwenye matope aoshwe kwanza, asubiri akauke. Ukiona wingu la mvua, ahirisha.

Tatu, josho limepungua nguvu. Msimu ambao kupe ni wengi ndio msimu ambao mvua inaingia joshoni, na ndio msimu ng'ombe wanaingia na matope miguuni. Kama josho halina paa wala mfereji wa kuzuia maji ya mvua, mchanganyiko wa mwezi uliopita si mchanganyiko wa leo. Angalia alama ya ujazo ukutani kabla na baada ya mvua. Ng'ombe wa kwanza kuingia warudishwe waogeshwe tena mwishoni, kwa kuwa wao ndio wanaokoroga dawa iliyotulia chini.

Nne, kipimo. Kizibo cha soda si chombo cha kupimia. Soma lebo, tumia kikombe chenye alama, na changanya kiasi cha siku hiyo tu; dawa ya amitrazi iliyobaki kwenye bomba tangu wiki iliyopita imekwisha nguvu. Chupa iliyopita tarehe au isiyo na namba ya usajili usiinunue hata ikiuzwa nusu bei.

Usugu wa kupe kwa dawa ndio wa mwisho kwenye orodha, ingawa ndio wa kwanza kutajwa. Upo, tena kwa kupe wa bluu ni tatizo halisi. Tofauti na yule wa masikioni, kupe huyu hukaa kwenye ng'ombe mmoja tangu lava mpaka ukubwani, kama wiki tatu, kwa hiyo kila kizazi hukutana na dawa na kizazi kinachofuata hakichelewi. Aina ya kigeni ya kupe huyu, iliyotokea Asia, imeshika maeneo mengi ya Tanzania ikiwemo Tanga na kuisukuma kando aina ya kienyeji, na ni hodari wa kujenga usugu. Ushahidi wake ni kupe walio hai na wamevimba, kwa ng'ombe wengi, siku mbili baada ya kuogesha kwa kipimo sahihi na kwa mwili mzima. Ukifika hapo, acha kubahatisha.

Simama hapa: usiongeze dozi mara mbili, usichanganye dawa mbili, na usitumie kiuatilifu cha pamba au nyanya kwenye ng'ombe. Watu wanafanya, na ng'ombe wanakufa, achilia mbali maziwa yanayokwenda kwa watoto. Peleka kupe hai maabara ya mifugo kupitia afisa mifugo ili wapimwe dhidi ya dawa tofauti.

Dalili: mvua imenyesha wiki chache tu, kupe wazima wamefurika

Hawakuzaliwa wiki hii. Wapo tangu kiangazi, wamelala bila kutafuta mnyama.

Kwenye maeneo yenye msimu mmoja wa mvua, kama Iringa, Mbeya na kusini kwa ujumla, maisha ya kupe wa masikioni hufuata kalenda. Wazima hujitokeza mvua zikikolea, takribani Desemba hadi Machi. Lava hufuata mvua zikiisha, kuanzia Aprili hivi. Nimfu hutawala miezi ya baridi na ukavu, Juni hadi Septemba. Kisha wazima wapya husubiri mvua nyingine. Kwenye maeneo ya vuli na masika mambo huchanganyika, na ukanda wa Ziwa Viktoria na Uganda, ambako mvua haikauki kwa muda mrefu, unaweza kukuta hatua zote tatu kwenye ng'ombe mmoja mwezi wowote.

Kwa hiyo jambo la kufanya si kuongeza dawa baada ya wimbi kufika. Mfugaji wa msimu mmoja anayeanza kuogesha kila wiki pale mvua ya kwanza inaponyesha, kabla hajaona kupe, anawaua majike kabla hawajataga. Anayeanza Februari anawakuta wengi wameshadondoka.

Mvua kubwa mno nayo ina kisa chake. Mafuriko huweza kuyasomba mayai na kuvuruga mabonde, lakini maji yakishuka huacha ardhi yenye unyevu na nyasi ndefu kwa miezi. Usifurahie mapema.

Dalili: ni kiangazi, ng'ombe anajikuna, ila huoni kupe

Sugua kidari, masikio na miguu kwa kiganja chenye glavu. Ukihisi chembe kama mchanga ulioshikilia, hao ni lava au nimfu. Wafugaji wengi husimamisha kuogesha miezi hii ili kuokoa fedha, na wanapata hoja kwa kuwa kupe wakubwa hawaonekani. Lakini nimfu huweza kueneza ndigana kali, kama alinyonya mnyama mwenye vimelea akiwa lava. Na kupe atakayemwua ndama wako Januari mara nyingi alichukua vimelea akiwa nimfu mwezi Julai.

Kama bajeti haitoshi, ongeza nafasi kati ya uogeshaji, usisimamishe kabisa. Ndama wapewe kipaumbele.

Dalili: kupe wamejaa upande mmoja wa malisho, au kwa ng'ombe wachache tu

Buruta kitambaa sehemu tatu: katikati ya malisho ya wazi, ukingo wa kichaka, na njia ya kwenda kunywa maji. Karibu kila mara hizo mbili za mwisho zitashinda. Kupe waliodondoka hudondoka pale mnyama anapotumia muda: chini ya mti wa kivuli wa adhuhuri, karibu na lambo, kwenye kijia. Hapo hapo ndipo pana kivuli na majani yaliyooza ya kutunza unyevu wa mayai, ambayo jua kali la uwanda mtupu lingeyakausha. Kufyeka ukingo na kubadilisha mahali pa kupumzikia ng'ombe huleta tofauti kuliko watu wanavyodhani.

Vichaka vikiongezeka kwa sababu malisho yameachwa, sungura na swala huongezeka navyo, na hao hulisha lava na nimfu bila kuogeshwa na mtu.

Wengi huuliza kuhusu kupumzisha malisho, hasa wenye ngitili, yaani malisho yanayofungwa ili kutunzia nyasi za kiangazi, huko Shinyanga na Simiyu. Jibu linategemea kupe gani. Lava wa kupe wa bluu wanahitaji ng'ombe hasa. Wasipompata kwa miezi mitatu au minne, wengi hufa, na kiangazi cha joto huwaua upesi zaidi. Kupe wa masikioni hana haraka hiyo. Ngitili iliyofungwa miezi mitano yenye nyasi ndefu inaweza kuwa ghala la kupe wenye njaa, na siku unaifungua ng'ombe wako ndio chakula. Usiache kuitumia, kwa kuwa bila ngitili kiangazi kingewamaliza. Waogeshe kabla ya kuingia na baada ya wiki.

Kuchoma moto? Hupunguza kupe kwa muda. Waliojichimbia kwenye nyufa na sehemu zisizoungua hubaki, majani mabichi yakichipua ng'ombe wote hukimbilia hapo, na kupe wanapata wateja. Pia kuna sheria za uchomaji, muulize ofisa wa kijiji kabla hujawasha kiberiti.

Kuhusu ng'ombe wachache waliojaa wenzao wakiwa safi: wengi ni wa kisasa au machotara waliochanganywa na zebu. Zebu kwa jumla hubeba kupe wachache kwenye malisho yaleyale. Angalia pia mnyama aliyekonda au mgonjwa. Kama ni yuleyule kila mwaka, mwondoe kwenye uzao.

Dalili: ng'ombe hawatoki bandani, lakini wana kupe

Swali la Kilimanjaro, Rungwe na mashamba madogo ya Kenya ya kati. Anza na majani. Yaliyokatwa kando ya barabara au mtoni, mahali ambapo ng'ombe wa watu hupita, huja na lava na nimfu ndani ya mzigo. Yakate kwenye shamba lisilopitiwa na mifugo, au yaanike juani yasinyae kabla ya kulisha. Kisha angalia mbwa, mbuzi wanaozurura, na dume la kuazima. Mwisho, ng'ombe mpya aliyenunuliwa mnadani akaingizwa bandani siku hiyohiyo bila kuogeshwa.

Dalili: kupe ni wachache, vifo ni vingi

Hii ndiyo inayowachanganya watu, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Wingi wa kupe na ukali wa ugonjwa havipandi pamoja. Kwenye eneo lenye kupe muda wote, ndama wa kienyeji huambukizwa mapema, baadhi hufa, waliobaki hukua na kinga. Ukame wa muda mrefu unapovunja mzunguko huo, kupe hupungua na ndama wa miaka hiyo hukua bila kukutana na vimelea. Mvua zinaporudi, kupe wanarudi, na kundi zima la mitamba halina kinga. Mfugaji anasema ugonjwa ni mpya. Ugonjwa ni wa zamani, ng'ombe ndio wapya.

Jambo hilohilo humpata anayenunua ng'ombe kutoka eneo kavu lisilo na kupe wa masikioni na kuwapeleka eneo lenye unyevu, na pia anayeogesha vikali kwa miaka kisha akaacha ghafla kwa kukosa dawa.

Angalia pia nyati. Wanabeba vimelea vya ndigana bila kuugua, na kupe wachache walionyonya nyati wanatosha kuangusha ng'ombe. Kandokando ya hifadhi usihesabu kupe. Epuka malisho wanayolala nyati.

Chanjo ya ndigana kali, iliyotokana na utafiti wa Muguga nchini Kenya, huchomwa mara moja maishani pamoja na dawa ya oksitetrasaiklini ya muda mrefu. Ni ya mtaalamu, kwa kuwa ni vimelea hai. Haiui kupe, haizuii magonjwa mengine ya kupe kama ndigana baridi na mkojo mwekundu, na kinga yake huyumba pale ng'ombe wanapochangia malisho na nyati. Usiache kuogesha kwa sababu umechanja.

Dalili: kupe wanapanda ukuta wa nyumba, au watu wanaumwa na wadudu usiku

Wanaopanda ukuta ni kupe wa mbwa. Hawahitaji malisho wala mvua; joto la nyumba linawatosha, na hutaga kwenye nyufa. Kumtibu mbwa bila kuziba nyufa na kusafisha anapolala ni kazi bure. Kama una paka, usimpake dawa ya mbwa yenye permetrini, itamwua.

Wanaouma usiku kwenye nyumba ya udongo na asubuhi hawaonekani huenda ni papasi. Hawa wanapenda vumbi kavu la sakafuni, kinyume kabisa na kupe wa malishoni. Siliba kuta, sakafu iwe ngumu, inua vitanda. Homa inayokuja, kuondoka na kurudi baada ya siku kadhaa ni ya kupeleka hospitali, na mweleze mganga kuwa nyumba ina papasi.

Acha kujitibu, ita daktari wa mifugo

Tezi za chini ya sikio au mbele ya bega zimevimba na joto la mwili limepita nyuzi 40. Hiyo ndiyo hali ya haraka kuliko zote: dawa ya ndigana kali hufanya kazi vizuri ikianza mapema, na mnyama akishaanza kuhema kwa shida na kutoa povu puani nafasi imebaki ndogo. Mkojo mwekundu au wa rangi ya kahawa. Ufizi mweupe au wa njano. Mnyama anatembea akiinua miguu juu, anatafuna hewa, anaanguka na kutetemeka. Mate kumiminika na misuli kucheza saa chache baada ya kuogeshwa: hiyo ni sumu ya dawa, mwoshe kwa maji mengi wakati unasubiri na uhifadhi chupa. Ng'ombe wapewe maji ya kunywa kabla ya josho, mwenye kiu hunywa dawa. Punda na farasi wasiogeshwe kwa amitrazi.

Kwa binadamu, homa kali baada ya kuumwa na kupe, au baada ya kuchinja mnyama mwenye kupe, ni ya hospitali siku hiyohiyo. Usiminye kupe kwa vidole, na usimchome moto wala kumpaka mafuta ya taa akiwa ameshika ngozi. Mvute kwa kibano karibu na ngozi, taratibu, bila kumpindisha.

Daktari akija, mwekee tayari jina la dawa, kipimo ulichotumia, tarehe ya kuogesha mara ya mwisho, malisho ya wiki tatu zilizopita na mahali mnyama aliponunuliwa. Kupe waweke kwenye chupa yenye kifuniko kilichotobolewa vitundu vidogo kwa sindano, pamoja na jani moja bichi ili wasikauke njiani.